Kuhusu zile ekari 6 za ngitili

Kishapu, mwezi wa Julai

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku hatujambo, na dada yako amejifungua salama. Ule ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikakuelewa. Unasema dengu zina bei, trekta la kukodi linapatikana, na sisi tuna ekari 6 za ngitili, malisho yetu ya akiba, ambazo tangu mvua zianze mpaka Juni hazilimwi na wala ng'ombe hawaingizwi. "Mama, kwa nini tusiilime ile ngitili?" Ukaongeza kwamba umesoma ng'ombe ndio wanaoharibu ardhi, basi tuwauze. Nimeona nikuandikie, maana hili kwa simu lisingekwisha.

Baba, mimi nilikuwapo ngitili zilipokufa. Kabla ya Operesheni Vijiji kila mji ulikuwa na ya kwake hapo karibu, ya ndama, ya ng'ombe wagonjwa na ya maksai ambao lazima wawe na nguvu mvua ya kwanza ikinyesha. Miaka ya 1970 tukahamishiwa kijijini, mimi mtoto mdogo nimebebeshwa kuku. Ngitili tukaziacha nyuma, na kisicho na mwenyewe kila mtu hukikata. Misitu nayo ilikuwa imekwisha kufyekwa tangu enzi za Waingereza, kufukuza mbung'o, halafu ikaja pamba ikafyeka iliyobaki.

Nikiwa msichana nilitoka na bibi yako alfajiri kutafuta kuni, tunarudi jua limepinda. Siku nyingi tulichorudi nacho ni mabua, na bibi yako akaongezea mavi makavu ya ng'ombe jikoni. Hilo ndilo ninalotaka ulifikirie zaidi ya yote. Mavi yaliyopaswa kurudi shambani tuliyachoma kupikia ugali, na shamba likazidi kuchoka, na mabua yakazidi kuwa mafupi. Watu wakaanza kuiita Shinyanga jangwa.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzo walituletea miche ya vitaluni, miti ya kigeni. Wazee wakawaambia sisi tuna utaratibu wetu, tufunge tu eneo. Wakafunga, na visiki tulivyodhani vimekufa vikachipua, kwa sababu chini mizizi ilikuwa hai. Mwaka ule ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 mradi ukapewa tuzo na Umoja wa Mataifa. Mimi tuzo yangu ilikuwa kupata kuni nyuma ya nyumba.

Sasa udongo wenyewe. Dengu unazozisema ni za mbuga, kwenye ule udongo mweusi unaoshika maji baada ya mvua kwisha. Ngitili yetu haiko mbugani, iko kwenye udongo wa ibambasi. Chimba shubiri moja tu, jembe linagonga tabaka gumu kama sakafu. Ule udongo mwembamba wa juu ndio mali yote tuliyo nayo pale, na umeshikwa na mizizi ya majani. Trekta likipita utavuna msimu mmoja, pengine miwili. Kisha mvua moja kubwa ya Desemba itaushusha wote korongoni, na hakuna mtu atakayeupandisha tena.

Ukija nitakuonyesha kitu. Chukua makopo mawili, yatoboe chini na juu, moja uligongelee ndani ya ngitili, jingine kwenye njia ya ng'ombe ya kwenda lambo. Mimina maji sawasawa. La ngitili linakauka ukiwa bado unainuka. La njiani unaweza kwenda kuchota ndoo, ukarudi ukayakuta maji yamesimama. Mvua ni ile ile moja, tofauti iko katika kinachoipokea. Chini ya majani kuna mchwa na wale wadudu wanaobiringisha mavi, wametoboa kila mahali. Njiani wamekufa.

Utasema basi ni kweli, ng'ombe ndiye mkosaji. Hapana. Jani likiliwa, mmea huchota akiba iliyo mizizini ili uchipue upya. Ukiachwa, akiba inarudi. Ukiliwa tena kabla haijarudi, mizizi inafupika, na ukiliwa hivyo tena na tena unakufa. Ng'ombe yule yule, akila mara moja na kuondoka, ameacha mavi na mkojo, amelaza majani makavu yakafunika udongo. Kinachoua ni kurudi mapema.

Hili nililipia. Mwaka aliofariki baba yako sikuwa na moyo wa kuangalia chochote. Nikafungua ngitili mwezi wa Mei, majani yakiwa mabichi, hayajadondosha mbegu. Maziwa yalijaa wiki chache. Msimu uliofuata upande wa mashariki ulitoka na vipara vyeupe, na vilinichukua miaka mitatu kuviziba, nikitandaza miiba na samadi ya zizini. Siku hizi sifuati tarehe. Nafungua mbegu zikishadondoka, na naagiza ng'ombe wachungwe kwa kipande, siku mbili tatu, wasogezwe. Nusu ya majani ikiwa imeliwa, wanatoka, hata kama mchungaji ananuna.

Kule Kondoa, mkoani Dodoma, mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo yote kwenye eneo lililomomonyoka, na ardhi ikarudi kweli. Siwapingi. Lakini watu walikaa miaka bila maziwa, bila samadi, bila maksai, na baadaye wakaruhusiwa ng'ombe wa kufugwa ndani kwa kukatiwa majani. Sisi hatujafika huko, na tusijifikishe.

Mahali unaposema kweli ni kwenye idadi. Ng'ombe wetu wamezidi malisho. Nimekubaliana na mjomba wako tuuze madume manne mwezi huu, wakiwa bado na mwili, badala ya kungoja Oktoba tuwauze mifupa. Hilo ningelifanya mwaka jana, moyo ukakataa, maana wawili ni uzao wa yule jike aliyetolewa mahari ya dada yako.

Kwa hiyo hela ya trekta usiitume. Dagashida, ule mkutano wetu wa jadi, ya mwezi jana ililalamika kwamba mbuzi wanapenya upande wetu wa korongo, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wamenipa mpaka mvua zianze niwe nimeziba. Nahitaji vijana wawili wa kukata na kupanda minyaa ya ua, kama mita mia mbili hivi. Ukiweza tuma ya hiyo. Na ukipata likizo Desemba njoo na watoto, wakati majani yanachipua, tupime na yale makopo.

Mama yako