Kukaa bure kambini Marekani: ni kweli, lakini kuna kazi

Dada, umeuliza kama ni kweli wazee wanakaa bure kwenye hifadhi za jimbo. Ni kweli, ila hiyo bure ina jasho. Wanaitwa wenyeji wa kambi, kwa Kiingereza "camp hosts", yaani watu wa kujitolea wanaohudumia wageni wanaopiga kambi. Unakuja na trela yako au gari lenye vitanda na jiko ndani, hifadhi inakupa kiwanja chenye umeme na maji, mara nyingi na bomba la majitaka pia. Wewe unajitolea saa 20 hadi 30 hivi kwa wiki, kutegemea jimbo. Mshahara hakuna.

Kazi yenyewe? Kupokea wageni, kuuza kuni, kuchota majivu kwenye mashimo ya moto, kuokota takataka, na sehemu nyingine kusafisha vyoo. Hapo kwenye vyoo uliza mapema, wengi hushtukia wakishafika! Mlevi akipiga muziki usiku wa manane, unamkumbusha kwa upole. Akikaidi, unampigia simu askari wa hifadhi. Huna mamlaka ya kumfukuza mtu.

Oregon na Texas wanachukua wengi. Maombi hupelekwa mapema, kwa kawaida unakaa mwezi mmoja au zaidi, na rekodi yako ya uhalifu inakaguliwa.

Jambo moja zito: kama wazazi wako wamekuja kwa viza ya matembezi, wasijaribu kabla ya kuongea na mwanasheria wa uhamiaji. Kiwanja cha bure kinaweza kuhesabiwa kama malipo ya kazi. Wakiwa na girini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, waombe tu.