Hospitali ya kuzalia mwana wa kwanza Mombasa: ulizia habari za saa nane usiku

Kabla ya kuuliza bei, mja mzito wa mimba ya kwanza ajiulize: kuanzia wiki ya 38 nitakuwa nikilala nyumba gani? Mombasa swali hili lina uzito wake, maana mimba ya kwanza wengi huenda kuzalia kwa mama. Mume yuko Mikindani, kliniki imefanywa Changamwe, na mwezi wa tisa bibi anahamia kwao Likoni na mkoba wake. Uchungu ukimshika saa nane za usiku, kati yake na hospitali aliyoizoea pana bahari.

Feri ya Likoni huvuka usiku kucha, lakini usiku vyombo huwa vichache na kungoja huwa kurefu. Ambulensi hupewa njia. Tuktuk yenye mwanamke anayegumia ndani hutegemea huruma ya walio mbele. Barabara ya Dongo Kundu imeunganisha Kusini na Miritini bila feri, ila ni mzunguko mrefu, na si vyema kuijua kwa mara ya kwanza ukiwa na uchungu. Kwa anayekaa ng'ambo ya Kusini, hospitali ya kwanza kwenye orodha iwe ya upande wake wa maji. Akishikilia ya kisiwani, basi ahamie kwa jamaa wa kisiwani wiki ya 38, asingoje dalili.

Wa Kisauni na Nyali wana daraja, wa Changamwe na Miritini wana Kibarani na malori yake ya bandarini. Ipime njia mara mbili kwa saa yako ya mkononi: mara moja siku ya kazi saa kumi na moja jioni, mara nyingine usiku. Mvua za Aprili na Mei zikimwagika, ongeza. Jioni mbaya ikikuchukua zaidi ya nusu saa, hospitali hiyo ni ya mbali, hata kama kwenye ramani iko karibu. Na umpate mapema dereva mmoja wa tuktuk au teksi wa mtaa wako anayekubali kupokea simu usiku, pamoja na wa pili wa akiba.

Daraja la hospitali si pambo

Nchini Kenya zahanati ni daraja la 2, kituo cha afya ni la 3, hospitali ya kaunti ndogo ni la 4, ya rufaa ya kaunti ni la 5. Daraja huandikwa kwenye leseni ya baraza la madaktari, KMPDC, ambayo hutundikwa ukutani karibu na mapokezi, isome. Upasuaji wa uzazi hufanywa kuanzia daraja la 4. Kwa upande wa serikali, Tudor, Port Reitz na Likoni ni hospitali za kaunti ndogo, na ile ya rufaa ya Pwani, ambayo wengi bado twaiita Makadara, ni ya daraja la 5 na ndiyo hupokea walioshindikana kwingine. Za binafsi ni nyingi, na bei zake zinatofautiana sana.

Vituo vya daraja la 3 huzalisha wanawake wengi salama kila siku, na mkunga mzoefu wa kituo ni hazina. Hata hivyo, kwa mimba ya kwanza ninapendelea penye thieta, yaani chumba cha upasuaji. Nyonga haijajaribiwa, kwa hiyo hakuna ajuaye kama mtoto atapita. Uchungu wa kwanza huwa mrefu: mlango wa uzazi ukishafika sentimita 5, kungoja hadi saa kumi na mbili nyingine bado ni kawaida, na kusukuma kwaweza kuchukua muda wa saa tatu. Kifafa cha mimba nacho huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza. Ukiamua kituo cha daraja la 3, uliza ambulensi yake iko wapi sasa hivi, ina mafuta, na hupeleka wagonjwa hospitali gani.

Nenda usiku

Hospitali karibu zote hupendeza saa nne asubuhi: daktari mkuu yupo, maabara iko wazi, sakafu imepigwa deki. Uchungu hauna saa. Kwa hiyo, kati ya wiki ya 28 na ya 32, nenda na mumeo au mamako mara mbili, mchana kwa mambo ya karatasi, na usiku baada ya saa mbili kwa mambo yenyewe. Omba kwa adabu kumwona nesi wa zamu wa wadi ya wazazi. Asipokuwa na nafasi, ngoja. Kule kukosa nafasi kwenyewe ni jibu la swali lako la kwanza.

Swali hilo ni hili: leo usiku wakunga wako wangapi, na wazazi walio leba ni wangapi? Moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa au chini ya hapo, na mama akianza kusukuma, kila dakika tano. Mkunga mmoja akiwa na wanawake sita, kumsikiliza kila mtoto kwa dakika nzima na kuandika kwenye chati kunakula kama robo saa katika kila nusu saa, na bado hajampima mtu presha wala kupokea mtoto. Hapo mtoto anaweza kuchoka tumboni bila mtu kujua, na kosa si la uvivu wa nesi.

La pili, friji. Mtoto akishatoka, ndani ya dakika moja mama hudungwa oksitosini, yuniti 10 kwenye msuli, ili tumbo la uzazi likaze na damu isimwagike. Tumbo kulegea ndilo sababu kubwa ya kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, na ikifika nusu lita tayari ni hatari. Dawa hiyo hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kwa joto la Mombasa, oksitosini iliyoachwa juu ya meza ya dawa hupoteza nguvu kidogo kidogo, na kwa macho huwezi kuijua: kichupa ni kile kile, maji ni yale yale. Mlangoni mwa friji inayotunzwa vizuri pana karatasi ya joto iliyojazwa kwa kalamu, asubuhi na jioni, pamoja na saini. Karatasi ya mwezi huu ikiwa tupu, au friji ina chupa za soda za wafanyakazi, umeshaona ulichokwenda kuona. Uliza pia jenereta huwaka baada ya dakika ngapi stima ikipotea, na kama friji hiyo na taa za leba ziko kwenye laini ya jenereta. Baadhi ya hospitali hutumia kabetosini, dawa ya kazi hiyo hiyo isiyodhurika na joto. Hilo ni jambo zuri.

La tatu ni kile kijimeza cha mtoto. Asiyelia hupaswa kuanza kupewa pumzi ndani ya dakika moja ya kwanza, na kifaa chake ni mfuko wa mpira wenye barakoa: namba 1 kwa mtoto aliyetimia, namba 0 kwa aliyezaliwa njiti. Vyote viwili viwe juu ya meza hiyo, vikavu, ndani ya chumba kile kile mama anachozalia, pamoja na taa ya joto na taulo. Vikiwa vimefungiwa kabatini na ufunguo yuko nao msimamizi wa mchana, dakika moja hiyo imekwisha kabla ufunguo haujapatikana.

Halafu thieta. Usiulize "mna thieta?" maana wengi watakujibu ndiyo. Uliza mpasuaji wa usiku hulala humu humu au hupigiwa simu nyumbani, na nyumbani kwake ni upande gani wa daraja. Uliza vivyo hivyo kuhusu mtaalamu wa nusukaputi, kwa sababu mara nyingi ni yeye anayengojewa. Kipimo kinachotumiwa sana ni dakika 30 tangu upasuaji wa dharura kuamuliwa hadi mtoto kutoka. Nesi mkweli atakwambia "hapa kwetu huchukua saa nzima", na umshukuru kwa ukweli huo.

Mwisho, mtoto akihitaji kulazwa, atalazwa hapa? Hospitali nzuri kwa mama huenda isiwe na wadi ya watoto wachanga yenye oksijeni ya shinikizo, inkubeta na taa za kutibu manjano. Ikiwa haina, mtoto atahamishwa na mama aliyepasuliwa atabaki kitandani, maziwa yakisafirishwa kwa kikombe. Ni afadhali kulijua hili mwezi wa saba.

Damu, na siku za mgomo

Jua kundi lako la damu kwenye kliniki ya kwanza, inayofaa kufanywa kabla ya wiki ya 12. Ukiwa Rhesus hasi na mumeo ni chanya, uliza kama hospitali ina sindano ya anti-D, ya kukinga mimba zako zijazo. Hudungwa ndani ya saa 72 baada ya kuzaa ikiwa mtoto ametoka chanya. Hutafutwa mapema, kwa kuwa si kila duka la dawa huwa nayo.

Damu yenyewe haitoki kwa daktari, hutoka kwa watu. Waandae ndugu wawili au watatu wenye afya na uzito usiopungua kilo 50, wawe wamechangia kabla ya wewe kufika wiki ya 36, na uulize hospitali huhifadhi uniti ngapi humo ndani na zikiisha hutumana wapi usiku.

Hospitali ya pili ni lazima, si ziada. Mwaka 2024 madaktari wa serikali waligoma siku 56, na mgomo wa wauguzi wa 2017 ulikaa miezi mitano. Ukichagua ya serikali, fungua faili kwenye moja ya binafsi au ya misheni kabla ya wiki ya 36, hata kwa kliniki moja tu, na kitabu chako cha Mama na Mtoto kiwe na vipimo vyote. Ukifika hujulikani, huna kitabu, utaanza na maabara huku uchungu ukizidi.

Pesa

SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Kujiandikisha ni *147#, lakini kujiandikisha si kulipia: asiye na mwajiri hulipa mchango wa mwaka mzima mbele, na wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Malipo yaliyopangwa ni shilingi 10,000 kwa kuzaa kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Hospitali za binafsi hutoza zaidi, na kinachobaki ni chako. Thibitisha wiki ya 30 kwamba hali yako inasoma umelipa na kwamba hospitali hiyo ina mkataba na SHA.

Pakeji ya hospitali ya binafsi iombe kwa maandishi, kisha uliza kilichoachwa nje. Kinachoumiza ni ada ya daktari wa watoto, ada ya nusukaputi, damu, siku za ziada, na mtoto kulazwa kwa siku. Mtu huweka akiba ya kuzaa kawaida, akapasuliwa, hesabu ikavurugika usiku huo huo. Weka akiba ya upasuaji. Usipoitumia, ni pesa za arubaini.

Stara na jamaa

Wengi wetu hutaka kuzalishwa na mwanamke. Ombi hili ni la haki, na hospitali nyingi za Mombasa zimelizoea. Lisemee kliniki na liandikwe kwenye faili, kisha uliza zamu ya usiku ikoje. Kwa upasuaji wa dharura aliyepo anaweza kuwa mwanamume, na hilo mkubaliane nyumbani mapema, msije mkabishana mlangoni mwa thieta huku mtoto anachoka. Uliza pia kama mama au dada yako ataruhusiwa kukaa nawe leba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mwenzi wa kuzaa, na penye mapazia kati ya vitanda hakuna sababu ya kukataa. Uji wa pilipili manga usiulizie ruhusa, utaingia.

Kwa uchungu wa kwanza, ondoka nyumbani maumivu yakija kila dakika tano, kila moja ikikaa kama dakika nzima, kwa muda wa saa moja. Chupa ikivunjika ondoka hata bila maumivu, na maji yakiwa ya kijani au kahawia usingoje mtu. Vivyo hivyo damu, mtoto kupunguza kucheza, kichwa kugonga na macho kuona ukungu, au presha ya 140/90 kwenda juu.

Baada ya kuzaa, usikubali kuondoka kabla ya saa 24. Kabla ya kutoka, mtoto awe amenyonya, amekojoa, amepata BCG na matone ya polio, na mama awe amepimwa damu inayotoka na presha. Chukua karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, na uisome ukiwa bado kitandani, herufi kwa herufi, jina la mama kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ndiyo itakayopelekwa kuchukulia cheti cha mtoto kabla ya miezi sita, na kurekebisha "Mwanaisha" iliyoandikwa "Mwanaesha" baadaye ni safari za ofisi hadi ofisi.