Barua "zimefutika", "zimefutwa" au "amezifuta"?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu muhtasi kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha. Barua pepe za wageni tunazisomea kwenye programu ya kompyuta ya mezani. Jumatatu asubuhi nimefungua, folda ya wageni wa Julai iko tupu. Nikamwandikia fundi wetu wa kompyuta: "Barua za wageni zimefutika." Yeye kwenye taarifa aliyompelekea bosi akaandika: "Mtumiaji amefuta barua zake." Nilipolalamika akasema ni kitu kilekile, barua hazijifuti zenyewe, halafu akaniambia nizipakue upya. Bosi naye anadai Kiswahili sanifu ni "zimefutwa". Nani yuko sahihi? Na je, inafaa kusema "sevani" kwa maana ya kwenye seva, ile kompyuta ya mtandaoni inayotunza barua zetu?

JIBU: Marahaba. Uliyeandika sawasawa ni wewe, ingawa wenzako wana sababu ya kukutilia shaka.

Kitenzi ni kimoja, -futa. Fundi amemtaja mtenda na kumweka mbele: amefuta. Bosi ametumia kauli ya kutendwa, ambayo mtenda wake yupo hata asipotajwa. Ukitaka kumtaja unaongeza "na" tu: zimefutwa na meneja. Wewe umetumia kauli ya kutendeka, ile ya -ika, na hiyo inaeleza hali ya kitu basi. Haina kiti cha mtenda. Jaribu kusema "zimefutika na meneja" uone kama ulimi utakubali.

Sasa, -ika hii ina sifa mbaya mitaani. Kila mzazi amewahi kuambiwa "sahani imevunjika" na mtoto aliyesimama peke yake jikoni. Hesabu za kikundi "zimevurugika", fedha za mchango "zimepotea". Tumeizoea kama mlango wa nyuma wa kutokea, ndiyo maana bosi wako aliposikia "zimefutika" alisikia mtu anayejitetea. Lakini kauli haina kosa. Anayeikuta sahani vipande vipande sakafuni, naye hakuwepo, atasema nini kingine?

Na wewe hukuwepo. Hapa ndipo fundi alipopaswa kukusaidia badala ya kukuandikia mashtaka. Programu nyingi za barua pepe siku hizi hutumia utaratibu unaoitwa IMAP, uliobuniwa na Mark Crispin pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1986. Kwa utaratibu huo barua inakaa kwenye seva, na kompyuta yako inaonyesha kilichomo kule, pengine na nakala ya kusomea mtandao ukikatika. Simu ya meneja ikifungua anwani ileile, inaangalia folda zilezile. Akifuta barua akiwa barabarani kuelekea Karatu, kwako nayo inaondoka, bila wewe kugusa kitufe. Inaweza hata isiwe mtu: ipo mipangilio inayoagiza barua za zamani ziondolewe baada ya muda fulani. Kwa hiyo mtenda yupo, ila wewe unayeangalia kioo cha kompyuta humwoni. Kiswahili kimekupa kauli ya hali hiyo hasa, nawe umeitumia.

Fundi amechanganya viambishi viwili. "Zimejifuta" ina -ji-, maana yake barua zimejitenda zenyewe. Hapo angekuwa na haki ya kucheka. "Zimefutika" haisemi hivyo. Na hata tukikubali kwamba barua hazijifuti, hilo halitufikishi kwenye "katibu kazifuta".

"Zimefutwa" ya bosi ni sanifu pia, lakini inadai jambo ambalo huenda halijatimia. Katika IMAP kufuta kuna hatua mbili: kwanza barua hutiwa alama kwamba imefutwa, kisha huja amri nyingine ya kuiondoa kabisa kwenye seva. Katikati ya hatua hizo barua bado ipo. Programu nyingine huionyesha imepigwa mstari, nyingine huificha, na nyingine huihamishia kwanza kwenye folda ya taka. Ndiyo maana watu hulalamika kwamba wamefuta mamia ya barua na bado wanaambiwa sanduku limejaa. Ya namna hiyo ningeiita "imetiwa alama ya kufutwa", na ningemwomba fundi aangalie folda ya taka kabla hajaandika taarifa nyingine.

Kamusi zina "futika" nyingine kabisa: kuchomeka kitu kwenye nguo kiunoni, kama bibi anavyofutika noti kwenye kanga. Nani ajue, pengine barua zako zimefutika kwa maana hiyo, zimechomekwa kwenye folda ambayo hakuna aliyeifungua.

Lipo pia lile agizo la "zipakue upya", ambalo kwangu ndilo kosa kubwa kuliko "amefuta". Kupakua ni kutoa mahali kitu kilipo, shehena melini au wali sufuriani. Neno hilo linakaa vizuri sana kwa utaratibu mwingine, POP, ambao huteremsha barua kwenye kompyuta na mara nyingi huziondoa kwenye seva, usipoweka agizo la kuacha nakala. Kwenye IMAP, kama seva yenyewe haina barua, utapakua nini? Sufuria tupu. Kinachotakiwa ni kurejesha, kutoka folda ya taka au kutoka nakala ya akiba ya mwenye seva, na kazi hiyo ni ya fundi.

Ukiandika tena, andika hivi: "Tangu Jumatatu asubuhi barua za wageni wa Julai hazionekani kwenye kompyuta yangu. Sikuzifuta. Naomba ziangaliwe kwenye seva na kwenye simu zote zinazotumia anwani hii." Huyo "hazionekani" naye ni wa kauli ya kutendeka, na sidhani kama kuna bosi atakayemkataa.

Kuhusu "sevani": haina kosa la kisarufi, ila masikio hayajaizoea. Maneno ya kukopa hayafanani katika jambo hili. Tunasema ofisini na hotelini, lakini tunakwenda posta na benki bila -ni. Kwa sasa baki na "kwenye seva".