Dawa ya usubi: huziba mfereji au huacha mlango wazi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mgawa dawa wa kijiji huku Rungwe. Kwenye tangazo la dawa ya usubi, ule ugonjwa wa minyoo wa ngozi na macho, tumeandika: "Dawa hii huziba mifereji ya seli na kuua minyoo yote." Mwenzangu wa zahanati anasema sentensi haijakaa sawa, tena "huziba" ni kinyume kabisa. Tuandikeje?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mwenzako yuko sahihi, na ugonjwa mkubwa wa sentensi hiyo uko kwenye kitenzi.

Dawa mnayogawa ni ivamektini. Seli za neva na misuli ya mnyoo zimezungukwa na utando, na kwenye utando huo zimo protini zinazopitisha ioni, yaani chembe zenye chaji. Iko protini moja ambayo hufunguka ikiguswa na glutamati, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli, ioni za kloridi zikaingia, seli ikatulia, baadaye hujifunga. Ivamektini ikishanasa pale, kufunga hakupo tena. Kloridi inazidi kuingia, seli haiitikii amri, mnyoo analegea, hawezi kumeza wala kujongea. Kwa hiyo "huziba" inamwambia msomaji kinyume cha mambo. Hata "hufungua" naiona pungufu, maana hiyo protini hufunguka kila siku na mnyoo haathiriki. Kinachomwangusha ni kuachwa wazi. Andikeni "huacha wazi".

Sasa "mfereji". Muulize mkulima wa mpunga kule Mbarali: mfereji ni mtaro uliochimbwa, na kinachofungwa na kufunguliwa ni geti la pale kwenye banio. Protini yetu ina tabia ya geti, hivyo "mlango" unafaa zaidi. "Chaneli" nayo inatumika darasani na sina ugomvi nayo, ila kwenye tangazo la kijiji itamchanganya mtu na redio.

Halafu, milango ya seli za nani? Mkiishia "milango ya seli", mama aliyeshika kidonge atadhani ni seli zake. Binadamu hana mlango huu wa kloridi unaofunguliwa na glutamati. Milango yetu inayofanana nao iko zaidi kwenye ubongo na uti wa mgongo, na kizuizi kilichoko kati ya damu na ubongo huizuia dawa isifike huko kwa wingi. Neno "za minyoo" ni fupi, lakini linaondoa hofu. Msilikate kwa kutafuta nafasi kwenye karatasi.

"Minyoo yote" inasikika kila mahali, lakini kwa maandishi sanifu minyoo ni viumbe hai: minyoo wote, minyoo wanalegea, mnyoo amekufa. Vimelea vilevile, "vimelea wanaoishi mwilini".

Lakini hata "minyoo wote" bado si kweli. Ivamektini huwamaliza minyoo wachanga, wale wanaotambaa kwenye ngozi na kuingia machoni hadi mtu anapofuka. Mnyoo mama hubaki hai ndani ya vinundu chini ya ngozi. Dawa humzuia tu kutoa watoto kwa miezi kadhaa, naye anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Mkiandika kwamba wote wamekufa, awamu ijayo mtu atawauliza dawa nyingine ya nini, na mtakosa jibu.

Nawaomba pia msiinakili sentensi hii kwenye matangazo ya dawa nyingine. Prazikwanteli, ya kichocho, hufungua mlango wa kalsiamu, na mnyoo hukakamaa badala ya kulegea. Watu husema "hupooza" kwa hali zote mbili. Kiswahili kinatupa maneno mawili, tuyatumie. Albendazoli wanayomeza watoto shuleni haigusi milango kabisa: huvuruga nyuzi za ndani ya seli, mnyoo akashindwa kufyonza sukari. Hapo semeni "humnyima mnyoo chakula".

Kwa tangazo lenu la usubi ningeandika hivi: "Dawa hii huacha wazi milango ya seli za minyoo wachanga wa usubi, wakalegea, na mwili ukawamaliza. Minyoo wakubwa hubaki, ndiyo maana tunameza tena kila awamu."