Jikoni na Wasomaji: Momo na vyakula vingine vya Kitibeti

SWALI: Mwezi ujao nakwenda mafunzoni Dharamshala, India. Nasikia McLeod Ganj, upande wa juu wa mji, imejaa migahawa midogo ya familia za Kitibeti. Niagize nini, na mezani nijihadhari na nini?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Watibeti wengi walihamia huko baada ya Dalai Lama kukimbia Tibet mwaka 1959, na mapishi yao wakaenda nayo. Anza na momo: kinyunya cha ngano kisicho na hamira, kimefumbatwa nyama au mboga na kupikwa kwa mvuke. Mara nyingi nyama itakuwa ya kuku au mbuzi, kwa kuwa jimbo hilo haliruhusu kuchinja ng'ombe.

Momo iliyopikwa vizuri ina mchuzi ndani. Ukiichoma kwa uma, mchuzi wote unabaki kwenye sahani. Ishike kwa vidole, ng'ata pembe ndogo, nyonya mchuzi, kisha chovya kwenye sepen, yaani pilipili ya kusaga. Onja sepen kwanza, maana ukali wake hutofautiana kila nyumba. Chakula chenyewe hakina bizari nyingi, na hakijakosewa.

Ukitaka supu, chagua thenthuk kuliko thukpa ya tambi za dukani: kinyunya chake hukatwa kwa vidole, vipande bapa, moja kwa moja ndani ya supu inayochemka. Tingmo ni mkate wa mvuke. Peke yake umepooza, uagize pamoja na kitu chenye mchuzi.

Usiende na haraka. Jiko la familia hufunga momo baada ya kuagizwa, na nusu saa ya kusubiri ni kawaida. Momo inayofika baada ya dakika tano huenda ilipikwa mapema ikapashwa tu, na ngozi yake itakuwa ngumu pembeni.

Chai yao ya siagi ina chumvi, haina sukari. Ipokee kama supu na utaipenda. Mwenyeji huongeza kila unapopiga funda, hivyo ukitosheka acha kikombe kimejaa, ukimalize unapokaribia kuondoka.

SWALI: Mimi na mume wangu tuna mgahawa mdogo Moshi. Tumeanza kupika momo kwa ajili ya wapanda mlima, lakini zinapasuka kitako na nyama inakauka. Tunakosea wapi?
Mama mgahawa, Moshi

JIBU: Dada, hayo ni makosa mawili tofauti.

Kupasuka kunatokana na kusukuma. Kwa nusu kilo ya unga weka robo lita ya maji, kanda dakika kumi, funika kwa kitambaa kibichi na uache nusu saa. Kinyunya kisichopumzika hujivuta kurudi, nawe ukikilazimisha kinachanika. Toa matonge kama 40. Usisukume kama chapati, unene mmoja kote: sukuma kingo tu huku ukizungusha, katikati pabaki pamenenepa, upana sentimita 9 hivi. Kitako ndicho kinachobeba mzigo. Kisha paka mafuta sahani ya matundu, na upange momo bila kugusana, la sivyo unapoziinua zinaacha ngozi chini.

Kukauka kunatokana na steki. Buchani omba nyama ya kusaga yenye mafuta, kama sehemu moja kwa tano. Kwa nusu kilo, mimina theluthi ya kikombe cha maji kidogo kidogo, ukikoroga upande mmoja hadi nyama iyanywe yote. Maji hayo ndiyo mchuzi wa baadaye. Ongeza vitunguu maji viwili vilivyokatwa kwa kisu, tangawizi, kitunguu saumu na majani ya giligilani. Vitunguu vya kusaga kwenye blenda hutoa maji na kulainisha kinyunya. Chumvi iwe ya mwisho, kijiko cha chai kimoja na nusu, ufunge papo hapo.

Maji yachemke kabisa kabla ya kuweka momo. Funga mfuniko kwa kitambaa ili matone yasidondoke juu yake. Dakika 12 hadi 15 zinatosha.

Kwa kundi kubwa, zigandishe mbichi kwenye trei, zikiachana, ndipo uzitie mfukoni. Zipike bila kuziyeyusha, dakika 18 hadi 20. Zikiyeyuka kwanza, kitako kinalowa na kupasuka tena.