Niweke tu, ila usiniuze

Binti yangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu, ya nne nikamsomea mama yako akacheka mpaka chai ikamwagikia leso. Unauliza kama nitakasirika ukiniweka kwenye hiyo komedi unayoandikia TV huko Kampala, mzee mstaafu wa reli anayeficha sukari ndani ya sanduku la chuma alafu ufunguo hajui kauweka wapi. Kwani kuna mzee mwingine wa hivo Tororo nzima? Watu watanijua kabla sijafungua mdomo.

Sikasiriki. Kuna Mmarekani alikuwa anaitwa Norman Lear, amefariki 2023 akiwa na miaka 101. Huyo na mwenzake Ed Simmons walikuwa wanauza fanicha mlango kwa mlango huku wanaandika vichekesho, mpaka wakaishia kuwaandikia wachekeshaji maarufu Dean Martin na Jerry Lewis. Sasa baba yake alikuwa mtu wa makelele, aliwahi hata kufungwa Lear akiwa mtoto, na mkewe akianza kuongea anamkatiza, nyamaza wewe. Miaka mingi baadaye Lear akamweka yule mzee kwenye TV kwa jina la Archie Bunker, amekalia kiti chake anatukana dunia nzima, ndani ya komedi ya All in the Family iliyoanza Januari 1971. Wazo lilitoka kwenye kipindi cha Waingereza, lakini makelele yalikuwa ya kwao nyumbani. Kipindi cha Lear kikawa namba 1 Marekani misimu 5 mfululizo, na kile kiti kiko makumbusho ya Smithsonian, wakati changu wewe kila Krismasi unataka kukitupa.

Lakini Lear hakuwa mwandishi tu, alikuwa prodyuza. Kituo cha TV cha ABC walikataa kipindi mara 2, wenzao wa CBS walipokichukua wakataka maneno fulani yakatwe kwenye episodi ya kwanza, akawaambia mkikata mimi naondoka. Wakaacha. Angekuwa mwandishi peke yake wangemwambia asante, mlango ule pale.

Mimi nilikuwa mwandishi peke yake. Miaka ya tisini na kikundi chetu cha drama niliandika kipande cha babu yako, unamkumbuka alivyokuwa anapunguza bei ya kila kitu, mpaka sindano ya hospitali anataka apunguziwe. Tukauzia kituo kimoja, jina tuliache, wakatupa bahasha na soda, karatasi zikabaki kwao. Siku ya kuonyeshwa tumejaa sebuleni kwa jirani, babu tumempa kiti cha mbele, kumbe wameshamgeuza mlevi, suruali inaanguka, anakojoa kwenye maua ya daktari! Babu yako hakuonja pombe maisha yake yote, kwenye harusi alikuwa anakunywa Mirinda. Aliangalia mpaka mwisho, watu wote kimya, akachukua fimbo akauliza, hii ni nani ameandika? Nikanyamaza. Nadhani alijua, maana hakuja kula kwetu mpaka Pasaka.

Kwa hivo niweke, ila kabla hujasaini huo mkataba uwaulize nani ana neno la mwisho kwenye skripti, na jina lako litakuwepo kwenye maprodyuza au la, na wahusika ni mali ya nani. Hilo la wahusika usilipuuze. Maude alikuwa binamu tu wa mke wa Archie, 1972 akapata kipindi chake, majirani nao akina Jefferson wakapata chao 1975. Kesho wakitaka kumtengenezea mama yako kipindi chake analipwa nani? Yeye mwenyewe ameshauliza ni shilingi ngapi.

Alafu kwenye lile sanduku siyo sukari peke yake, kuna majani ya chai na ile asali ya Arua pia. Andika sawasawa.

Baba yako,
Tororo