Hamisha jua kwanza, ulaini wa kivuli utakuja baadaye

Mkuu, simama hapo hapo. Usiguse kitelezi chochote cha kivuli.

Unasema nyumba uliyochora kwa SketchUp, ile programu ya kuchora majengo kwa 3D, ukiibandika kwenye picha ya kiwanja cha Kigamboni uliyopiga kwa simu inaonekana bandia, kwa hiyo unataka kulainisha kivuli, kutandaza sakafu ya ardhi mpaka upeo wa macho, na kununua kadi mpya ya grafiki. Hebu itazame tena hiyo picha. Kivuli cha mnazi kimelala kusini, cha nyumba kimelala kaskazini. Kilainishe mpaka kiwe uji, hiyo nyumba bado ina jua lake peke yake.

Modeli usiyoipa mahali, SketchUp huichukulia kuwa iko Boulder, Colorado, digrii 40 kaskazini mwa ikweta. Kigamboni ni karibu digrii 7 kusini. Julai saa sita mchana, jua la Boulder liko kusini, letu liko kaskazini. Kila kitu kimegeuka!

Mimi hilo limenila hela. Mwalimu mmoja wa video, mwenye wafuasi kibao na muziki mrefu wa kufungulia somo, alisema mahali hapana maana, "sogeza saa na tarehe mpaka kivuli kipendeze". Kwake huko Ulaya jua la mchana liko kusini mwaka mzima, ataumia na nini? Nikasogeza, kikapendeza. Mteja akapenda kuona ukuta wa kaskazini umekaa kivulini raha mustarehe, tukakubaliana kubana mabati: upenu wa kusini tukauachia mita 1.2, wa kaskazini sentimita 30. Nyumba ikajengwa hivyo. Ikaja Juni, jua la saa sita likasimama kaskazini kwenye digrii kama 60, likaingia sebuleni bila hodi. Piga hesabu mwenyewe: kwa pembe hiyo upenu wa sentimita 30 unakinga nusu mita tu ya ukuta. Ule wa mita 1.2 ungekinga mita 2 na dirisha lote likapona. Kuongeza paa upande ule nililipa mimi, na malipo ya kazi yakaishia humo. Nikijitetea kidogo: baraza ya upande ule kabla ya kuezekwa ilikuwa safi sana kwa kuanikia dagaa.

Kwa hiyo mahali kwanza, kabla ya chochote. Weka latitudo -6.8 na longitudo 39.3, na hiyo alama ya kutoa usiisahau, maana ukiiacha unahamia kaskazini mwa ikweta. Saa za eneo UTC+3. Kisha hakikisha kaskazini ya modeli ndiyo kaskazini ya kiwanja. Ramani nyingi huchorwa zimenyooshwa na ukingo wa karatasi, kiwanja chenyewe kimekaa mshazari. Halafu tarehe na saa ya picha, zisome kwenye taarifa za faili ndani ya simu. Ikiwa picha imepita WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo zimeshafutwa. Aliyepiga akutumie tena kama dokumenti.

Ulaini hauna mjadala mrefu. Jua tunaliona na upana wa kama nusu digrii, kwa hiyo ukingo wa kivuli kilichosafiri mita 3 unafifia kwa sentimita 3 hivi. Blender, programu ya kutengenezea picha za 3D, huliwekea jua lake upana wa digrii 0.526 tangu mwanzo. Liache hivyo, ukilipeleka digrii 5 umeleta mawingu siku ya jua kali.

Sakafu nayo: ukichora ya kwako kwenye kimo cha sifuri, zima kile kivuli cha ardhini cha SketchUp, la sivyo nyuso mbili zitagombania nafasi moja na picha itametameta.

Sasa rudia, halafu uweke picha zote mbili hapa, na useme ile ya simu ilipigwa saa ngapi.